Mtoto wa Mudaka hana simu, lakini intaneti anayo

Ukitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa barabara ya taifa namba 2, ile inayopanda kaskazini kuelekea Kavumu, Kalehe na hatimaye Goma, Mudaka utaijua kwa soko lake. Akina mama wamepanga maharage, mihogo, ndizi na makaa kando ya barabara, pikipiki zinapenya katikati yao, na kila baada ya vibanda vichache kuna kimoja chenye bamba la sola juu ya bati na nyaya zinazoning'inia ndani. Hapo watu wanachajisha simu. Kuna ubao mrefu wenye soketi nyingi, na simu zimelazwa mstari mmoja, za vitufe pamoja na za kugusa, kila moja na kipande cha karatasi chenye namba. Mabwawa ya Ruzizi hayako mbali, lakini umeme wake hauingii katika kila nyumba ya eneo letu la Kabare, na hata pale unapoingia haukai.

Anayeileta simu kibandani mara nyingi ni mtoto. Ametoka masomoni, shati jeupe na kaptula ya bluu bado mwilini, ametumwa: peleka telefone ya papa, ngoja ijae, urudi nayo. Kungoja kunachukua muda, na betri ikishapata nguvu kidogo simu inawaka. Wenzake wawili watatu wanasogea. Simu haina namba ya siri, kwa sababu nyumbani inashikwa na watu wengi na hakuna anayetaka kuulizwa namba kila saa. Vidole vinaanza kazi.

Shule ya intaneti ya watoto wengi wa Mudaka iko hapo, kwenye benchi la kibanda cha kuchajia. Haina mwalimu, haina ubao.

Ushauri tunaousikia kuhusu usalama wa watoto mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye simu yake, chumba chake na anwani yake ya barua pepe. Mzazi anaambiwa amfungulie mtoto akaunti, aiunganishe na yake, aweke kikomo cha saa, kisha awe anapitia kila jioni kuona mtoto alitembelea wapi. Ni ushauri mzuri kwa anayeuweza. Mudaka simu moja ya kugusa inahudumia nyumba nzima: papa anaongea na wateja wake, mama anapokea pesa, ndugu mkubwa anatazama mpira, mdogo anacheza mchezo wa magari, shangazi aliyekuja kusalimia anaomba kusikiliza vokali (ujumbe wa sauti) ya mwanawe aliyeko Kampala. WhatsApp iliyomo ni ya papa, na makundi yote ni ya papa: la ukoo, la parokia, la wakulima, la vijana wa kijiji walioko Kinshasa, na lile la habari za vita ambalo hakumbuki ni nani aliyemwingiza.

Kwa hiyo mtoto wa darasa la tano anapofungua simu hiyo anaingia katika intaneti ya mtu mzima, kwa jina la mtu mzima, na kampuni iliyoko upande wa pili inamhesabu kuwa mwanamume wa miaka 42 anayependa mpira na bei za mahindi. Video atakazoletewa zitachaguliwa kwa kipimo hicho, na matangazo vilevile, pamoja na yale ya kubashiri mechi yanayojitokeza katikati ya mchezo wa magari.

Kampuni zenyewe zina kanuni. Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zote zimeandika kwamba mwenye akaunti asiwe chini ya miaka 13. Umri huo ulitokana zaidi na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyokataza kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila ruhusa ya wazazi, na kampuni zikaona ni rahisi kuwafungia mlango kabisa kuliko kuwatafuta wazazi. Mlango wenyewe unafunguka kwa kuandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 imeweka umri wa miaka 16 kwa mitandao mikubwa ya kijamii na kuzitaka kampuni zenyewe ziwazuie watoto. Tunaweza kuisifu au kuicheka Australia, lakini sheria ya aina hiyo ingepita juu ya Mudaka bila kumgusa mtu. Mtoto wetu hana akaunti ya kufungiwa. Anatumia ya baba yake.

Ndiyo maana nasema kwamba katika nyumba zetu usalama wa mwanafunzi mtandaoni unaanza na usafi wa simu ya mkubwa. Panga la nyumba kila mtu analitumia, na kila mtu anajua baada ya kazi linachomekwa wapi ili mtoto asilifikie. Simu bado hatujaitafutia mahali pa kuchomeka.

Mwaka 2025 uliwaonyesha wazazi wengi jambo hili bila wao kutaka. Tarehe 14 Februari uwanja wa ndege wa Kavumu uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na siku mbili baadaye ikawa zamu ya Bukavu. Barabara hii ya Mudaka ndiyo iliyopitiwa. Shule zilifungwa, watoto walikuwa nyumbani, wakubwa walikuwa wameinamia simu usiku na mchana kutafuta habari za ndugu na za njia iliyo salama. Tarehe 27 mwezi huohuo milipuko ikawaua watu kwenye mkutano wa hadhara katika Uwanja wa Uhuru, Bukavu. Kabla ya jua kuzama picha na video za miili zilikuwa zimeshazunguka katika makundi ya WhatsApp, zikitumwa na watu waliodhani wanatoa taarifa, na zikishushwa na simu zenyewe bila mwenye simu kubonyeza kitu.

Hilo la mwisho wengi hawalijui, na linastahili kuelezwa polepole. WhatsApp ikiachwa ilivyokuja, picha inayotumwa katika kundi hushuka yenyewe kwenye simu mara tu mega, yaani data ya intaneti, zinapowashwa. Zaidi ya hapo, hujihifadhi katika albamu ya picha, ile ile yenye picha za ubatizo wa mtoto na za harusi ya mjomba. Mtoto anayefungua albamu ili ajitazame kwenye picha za Noeli anateleza kidole mara moja na kukutana na maiti. Hakutafuta kitu kibaya wala hakukosa adabu. Alikuwa anajitafuta yeye mwenyewe.

Dawa ipo, na haigharimu faranga. Katika mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya hifadhi na data. Humo unazima ushushaji wa picha na video wa moja kwa moja. Katika sehemu ya gumzo kuna mahali pa kuzima kuonekana kwa picha na video hizo ndani ya albamu ya simu. Katika sehemu ya faragha unachagua nani anaweza kukuingiza kwenye kundi, uache watu unaowajua tu. Ukiyafanya haya matatu, picha ya mauaji inabaki kivuli chenye ukungu mpaka mtu mzima aamue kuibonyeza, na juu yake mega zinadumu. Nimegundua kwamba wazazi hulipokea vizuri zaidi somo hili ukianza na mega. Hakuna ubaya, mzazi apitie mlango wa mfuko wake, mradi afike.

Kuna alama nyingine ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuifundishwa kwa dakika moja. Ujumbe uliopitishwa mara nyingi, kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, WhatsApp huuwekea mishale miwili juu yake. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kupitishwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati, ili uvumi upunguze mwendo. Mishale miwili haina maana kwamba habari ni ya uongo. Maana yake ni kwamba anayekutumia hakuiandika, na huenda aliyemtumia yeye naye hakuiandika. Mtoto anayejua hilo ana swali la kumuuliza papa mezani: nani aliyeona? Katika siku za Februari ile, nyumba yenye mtoto wa kuuliza hivyo ingejiepusha na mbio nyingi za usiku.

Naingia sasa kwenye pesa, kwa sababu hapo kosa la mtoto linaonekana mara moja. Benki za Bukavu zilipofunga milango mwaka 2025, pesa za familia nyingi zikabaki ndani ya simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Mshahara, deni, msaada wa ndugu aliyeko Kinshasa, vyote vinapitia hapo. Simu ambayo mtoto anachezea mchezo wa magari ndiyo sanduku la nyumba.

Matapeli wanalijua hilo, na wanajua saa ambazo watoto wanashika simu. Mtu anapiga, sauti ya upole, anajitambulisha kuwa wa kampuni ya simu. Anamwambia mtoto kwamba papa ameshinda zawadi, kuna ujumbe umeingia sasa hivi wenye tarakimu sita, amsomee. Mtoto amefundishwa kuwaheshimu wakubwa, tena ndio kwanza anajivunia kusoma namba kwa Kifaransa. Anasoma zote, bila kukosea. Tarakimu zile sita ndizo WhatsApp inazotuma mtu anapojaribu kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Baada ya dakika chache akaunti ya papa iko mikononi mwa mwingine, na ndugu wote wanapata ujumbe: nimepatwa na shida, nitumie dola 50 kwa namba hii. Ujumbe umetoka kwa papa, na picha yake ipo. Nani atamkatalia?

Anayesoma makala haya na ana simu mkononi afungue mipangilio ya akaunti katika WhatsApp, atafute uthibitisho wa hatua mbili, aweke namba yake ya siri ya ziada. Hata mtoto akisoma zile tarakimu sita, tapeli atakwama kwenye namba ambayo mtoto haijui. Na mtoto afundishwe sentensi moja ya adabu, kwa Kiswahili au kwa Mashi, lugha ya nyumbani, apendavyo: mwenye simu hayupo, piga tena jioni. Halafu akate. Kukata simu ya mtu mzima si utovu wa nidhamu, na ni mzazi mwenyewe anayepaswa kumpa mtoto ruhusa hiyo waziwazi, kwa sababu malezi yetu yanamwambia kinyume.

Suala la picha za watoto wenyewe ni zito zaidi, na hapa Mudaka ina jirani wa kumtazama. Kavumu iko mbele kidogo kwenye barabara hiihii. Kati ya mwaka 2013 na 2016 watoto wengi wa kike walitekwa usiku kutoka vitandani mwao na kubakwa, wengine wakiwa bado hawajaanza hata shule. Novemba 2017 Mahakama ya Kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Kavumu kwenyewe kusikiliza kesi, na tarehe 13 Desemba ikawahukumu kifungo cha maisha wanaume 11, akiwamo Frederic Batumike aliyekuwa mbunge wa jimbo. Hukumu ilisifiwa duniani kote. Kitu kilichozungumzwa kidogo ni namna watoto wale walivyofichwa. Hawakusimamishwa mbele ya umati. Maelezo yao yalikuwa yamechukuliwa mapema kwa video na watu waliofunzwa kazi hiyo. Mashahidi walizungumza nyuma ya pazia, wamejifunika, sauti zimebadilishwa. Mahakama ya kijeshi, yenye sifa zake zote za ukali, ilielewa kwamba uso wa mtoto ukishatoka nje haurudi ndani.

Miaka saba baadaye ugonjwa wa mpox ukajaza hospitali ya Kavumu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, na kamera zikaja. Picha za watoto wenye vipele, nyuso wazi, zikazunguka dunia. Baadhi zilipigwa na waandishi wa habari walioomba ruhusa ya wazazi. Nyingine zilipigwa kwa simu na majirani na kurushwa kwenye makundi pamoja na maneno ya kuwatisha watu. Mtoto aliyepona mwezi uliofuata na kurudi darasani alikuta wenzake wanayo picha yake. Sisi wa habari tuna la kujibu hapo kama wengine, lakini simu za jirani ni nyingi kuliko kamera zetu.

Mwanafunzi anapaswa kulijua hilo kwa pande zote mbili: picha yake, na picha ya mwenzake. Watoto wanapenda kujirekodi wakicheza ngoma, na sitaki kuwa mzee wa kuwakataza kucheza. Sare ya Kongo ni ileile kutoka Kinshasa hadi Uvira, nyeupe na bluu, kwa hiyo sare peke yake haimwambii mtu mgeni mtoto anasoma wapi. Kinachomwambia ni ukuta ulio nyuma yake, wenye jina la shule limeandikwa kwa rangi kwa herufi kubwa, au sauti ya mwalimu anayemwita kwa majina yote matatu, au njia ya kwenda nyumbani iliyorekodiwa kwa furaha kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtoto akifundishwa kutazama kilicho nyuma yake kabla ya kubonyeza, amefundishwa sehemu kubwa ya faragha bila neno faragha kutajwa.

Na mgeni anayemwandikia mtoto? Yupo, lakini si lazima awe mgeni. Uchunguzi uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na UNICEF, INTERPOL na shirika la ECPAT, ukahusisha watoto wa miaka 12 hadi 17, ulikuta kwamba anayemdhuru mtoto kupitia mtandao mara nyingi ni mtu anayemfahamu tayari: rafiki, jamaa, mtu wa mtaani. Ulikuta pia kwamba watoto wengi waliopatwa na jambo hawakumwambia mtu yeyote, au waliishia kumwambia rafiki wa rika lao. Waliofika polisi au kwenye namba ya simu ya msaada walikuwa wachache sana. Nchi hizo tatu zina namba za bure za watoto na madawati ya polisi yanayofanya kazi. Sisi ambao barabara yetu imebadilisha mikono kwa bunduki tusitegemee kwamba mtoto wa Mudaka atajua pa kupeleka malalamiko yake.

Atayapeleka nyumbani au hatayapeleka kabisa. Na nyumbani, tuseme ukweli, mtoto anayesema amekuta picha chafu kwenye simu anapigwa kwanza kisha anaulizwa. Alikuwa anatafuta nini? Nani alimruhusu? Anayetaka kumharibu mtoto huyo anamwambia mapema: ukisema, utachapwa na simu utanyang'anywa. Anachosema ni kweli, na ukweli huo ndio kamba anayomfungia. Mzazi akiikata, kwa kutamka mbele ya watoto wote kwamba atakayeleta habari ya simu hatapigwa, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko programu yoyote ya ulinzi.

Sheria haikukosekana. Kongo ina sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, inayomhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na tangu tarehe 13 Machi 2023 ina Kanuni ya Dijitali inayoadhibu unyanyasaji wa mtandaoni na picha za ngono za watoto. Kanuni hiyo wengi wetu tuliisikia katika kesi ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekamatwa Kinshasa Septemba 2023 na kuachiwa Machi 2024. Ingependeza tuisikie siku moja ikimtetea mtoto.

Serikali pia imejaribu mara kadhaa dawa ya kukata. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku 20. Hapa mashariki walio karibu na mpaka walinunua kadi za simu za Rwanda wakaendelea. Nayataja haya kwa sababu wapo wazazi na walimu wanaotumia mantiki ileile: simu ikatazwe shuleni, ifungiwe kabatini nyumbani, shida itaisha. Wanasahau kwamba sehemu kubwa ya kinachotazamwa na watoto wa Mudaka haipiti hewani kabisa. Inapita kwenye kadi ya memori. Unampa mwenye kibanda kadi yako na faranga zako, anakujazia miziki, filamu za mapigano na vichekesho kutoka kwenye kompyuta yake. Mengine yanahamishwa kutoka simu hadi simu kwa Xender, bila mega hata moja. Faili moja iliyoshushwa Bukavu jana jioni inaweza kuwa Mudaka, Miti na Katana leo, na hakuna mtandao uliotumika. Kufunga mtandao hakuizuii, na mwenye kibanda hamuulizi mtoto umri.

Lakini njia hiyohiyo ya kadi inaweza kubeba vitu vingine, na hapa ndipo ninapoona nafasi ambayo hatujaitumia. Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix inayofungua ensaiklopedia nzima bila intaneti: unashusha faili mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha unaligawa kwa kadi kama wimbo. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inapatikana hivyo. Vikidia nayo inapatikana hivyo, ensaiklopedia ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 2006 na kuandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 13, umri uleule wa madarasa yetu ya juu ya shule ya msingi. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za bure zenye picha, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Mwanafunzi anayeomba, "Papa, nipatie telefone, mwalimu ametupa devwar," leo anasema kweli mara moja na uongo mara mbili, kwa kuwa hakuna kitu ndani ya simu cha kufanyia devwar, yaani kazi ya nyumbani. Kadi moja ya GB 8 ingemfanya mkweli.

Naijua hoja ya walimu: madarasa yamefurika tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, mishahara inachelewa, kompyuta hakuna. Yote ni kweli. Lakini mambo niliyoyaeleza hapa hayahitaji kompyuta. Mishale miwili inachorwa kwa chaki. Simu ya tapeli inaigizwa na watoto wawili mbele ya darasa, mmoja akiwa tapeli na mwingine akiwa mtoto aliyeshika simu, na darasa litacheka na halitasahau. Ukuta wenye jina la shule uko palepale nje. Mwalimu awatoe nje, awaulize mgeni angejua nini kwa picha iliyopigwa mahali waliposimama.

Lugha iwe ile ambayo mtoto anaielewa. Maonyo ya simu zetu yamewekwa kwa Kifaransa, wakati mwingine kwa Kiingereza, na mtoto anayesema Mashi nyumbani na Kiswahili sokoni anabonyeza "kubali" kwa kila kinachotokea ili mchezo uendelee. Simu za Android zinaweza kugeuzwa ziseme Kiswahili, na WhatsApp vilevile. Kiswahili chake ni cha Dar es Salaam, kitawachekesha kidogo watu wa Bukavu, lakini kitasomeka.

Kila shule ya msingi ina kamati ya wazazi, COPA, na kamati ya uongozi, COGES. Mikutano yake ya Septemba huzungumzia karo zisizo rasmi, madawati, paa linalovuja. Ombi langu kwa wenyeviti wa COPA wa Mudaka, Miti na Kavumu ni saa moja katika mkutano mmoja. Kila mzazi mwenye simu ya kugusa aje nayo ikiwa na chaji. Mwalimu mmoja kijana asimame mbele, wote wazime pamoja ushushaji wa picha, waweke pamoja uthibitisho wa hatua mbili, wapitie makundi yao na kutoka katika yale wasiyoyajua. Wenye vibanda vya kuchajia na kujaza kadi waalikwe pia, wakubaliane na wazazi ni kitu gani hakiwekwi kwenye kadi ya mtoto, na wapewe faili la Vikidia waligawe bure. Mtu wa kulishusha faili hilo hatakosekana Bukavu. Aliye na mtandao mzuri na anayesoma makala haya anaweza kuanza wiki hii.